Kambi ya wasichana Juni hii: kwa mama anayeongoza mara ya kwanza

Parokia ikikuchagua kuongoza kambi ya wasichana ya likizo ya Juni, utapewa ushauri mwingi kuhusu nyimbo, ratiba, mafundisho na zawadi za siku ya kufunga. Hayo utayaweza. Mimi nimeongoza kambi hizi huku nikiwa na mume, mama mkwe na watoto wadogo nyumbani Masasi, na nina neno moja la kukuongezea: kambi hutengenezwa au kuharibiwa majumbani, kwao wale wasichana na kwako wewe, kabla jiko halijawashwa na baada ya kuzimwa.

Anza na kalenda. Juni huku Kusini imejaa. Shule zikifungwa, ndipo wali, yaani wasichana wanaoingizwa utu uzima, wanachezwa unyago. Ndipo pia mikorosho inapulizwa salfa, na salfa inataka alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Wazazi wanaondoka gizani, na binti mkubwa ndiye anayebaki na wadogo zake, ndoo za maji na chungu cha mchana. Darasa la saba na kidato cha nne, wengi wao wako kwenye kambi za masomo. Kwa hiyo ukimwomba mtu binti yake kwa wiki nzima, umemwomba mfanyakazi wake. Litamke hilo wewe mwenyewe, kabla hajalitamka yeye. Mzazi akisikia unajua shamba lake lina kazi gani wiki hiyo, mazungumzo yanakuwa mepesi, na mara nyingi mnapata tarehe inayowafaa wote.

Sahihi ya baba kwenye fomu ni ya lazima, lakini huku haitoshi. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo wa mtoto unafuata upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Bibi naye analo, tena zito. Nenda na katekista, na mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anayeheshimika kijijini hapo, mkae kwenye mkeka, mzungumze. Binti akija na baraka ya bibi yake hatoroki usiku wa pili.

Kuhusu unyago, wenzangu wengine hawatakubaliana nami: usifungue kambi kwa kuuhubiria vibaya. Kanisa huku lina historia ndefu na jambo hili. Askofu Vincent Lucas wa Kianglikana, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi tangu ilipoanzishwa mwaka 1926, aliona heri jando liingizwe ndani ya sala za Kikristo kuliko kupigwa marufuku. Mimi namtembelea nyakanga, yule anayeongoza unyago, mapema, namuuliza ngoma zake zimepangwa lini, na tunapishana. Yale usiyokubaliana nayo utayafundisha kwa kufundisha mema ya mwili na heshima yake.

Ila ujue kwamba kambini waliochezwa unyago na ambao hawajachezwa hawawi kitu kimoja. Waliochezwa wana mafumbo na nyimbo zisizoimbwa mbele ya wengine, na huwa wanawaita wenzao "watoto" hata kama wamelingana umri. Usiwalazimishe kufumbua. Wachanganye kwenye kuchambua mbaazi na kuchota maji, na kila chumba alale mama mmoja mtu mzima.

Mengine ya kambini nitayapitia haraka. Hakikisha maji kabla ya chakula, hasa kama mko juu huku Newala au Rondo, na waambie waje na sweta maana Juni usiku kuna baridi. Kila mtu alale ndani ya chandarua. Andika nani ana pumu, kifafa au selimundu, na dawa zake anazo nani. Homa yoyote ni zahanati kwa kipimo, si panado na sala. Pedi zikae kwa mama mmoja, mahali ambapo binti anaweza kufika bila kupita mbele ya jiko na watu wote.

Sasa mazungumzo ya usiku. Taa ikizimwa, binti atakusogelea akuambie jambo la nyumbani kwao, na ataanza kwa kusema, "Mama, usimwambie mtu." Usiahidi hivyo. Mwambie: sitamwambia asiyehusika, ila kama kuna anayekuumiza, tutamtafuta wa kutusaidia, na utajua ninayemwambia. Kisha tafuta kweli: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto pale polisi, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Usiharakishe kumwita mzazi kabla hujajua kama mzazi mwenyewe ndiye tatizo.

Maneno hayo utarudi nayo nyumbani, na ndiyo mzigo mzito kuliko mkoba. Mume atauliza kambi ilikwendaje. Mweleze kuhusu ugali ulioungua na mashindano ya kwaya. Ya binti wa watu usimpe, hata kama ni msiri, kwa sababu yule binti atapita mbele ya nyumba yenu akienda kisimani. Ukilemewa, zungumza na sista au kiongozi mwenzako mliyekuwa naye.

Hesabu funga kambini. Risiti, masufuria ya kuazima, unga uliobaki, vyote vikabidhiwe kabla hujapanda gari, la sivyo utakuwa umelala kwako lakini simu inaita kuhusu mwiko wa jumuiya.

Halafu kuingia nyumbani. Wiki nzima umekuwa ukiamrisha kwa filimbi. Mwenzangu mmoja alifika kwake akapanga wanawe mstari wa kunawa mikono. Wakatii siku mbili, ya tatu wakaanza kumwigiza. Kumbuka nyumba ilikwenda bila wewe. Chumvi imehamia rafu nyingine, mtoto mdogo amezoea kulala saa mbili kwa bibi, na kuku wanafungiwa na mtu mwingine. Viache hivyo siku kadhaa. Mama mkwe akiona umepangua kila alichopanga kabla hujashukuru, mwakani atakuwa na mgongo unaomuuma. Mpelekee sukari na mkate, kaa naye, mwache asimulie alivyohangaika. Mtoto akikukimbia na kujificha kwenye kanga ya bibi, usimvute. Chambua mboga hapo karibu, atakuja mwenyewe.

Mume naye ana habari zake: salfa imeisha kabla ya shamba kwisha, jirani ameingiza mbuzi. Sikiliza hizo kwanza, zako zisubiri kesho.

Paroko atakuuliza mapema, pengine Jumapili ileile baada ya misa, kama mwakani utaongoza tena. Usijibu pale mlangoni. Mwambie utampa jibu, kisha subiri salfa imalizike, watu wa nyumbani wametulia, ndipo uwaulize wote, na mama mkwe awe wa kwanza.