Neno "Haendi" ni la Nani?

Safu hii niliianza baada ya kuikalia meza ya operesheni, yaani ya kupanga safari za ndege, miaka mingi, basi barua za watu wa ndege za kukodi huwa nazisoma mwanzo.

Mimi ni meneja wa operesheni wa kampuni ndogo ya ndege. Mshahara sina ugomvi nao, lakini kila asubuhi naenda kazini kama napelekwa. Nina kasoro gani? (M., Kiembesamaki)

Huna kasoro, mwanangu. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alitoa matokeo ya mahojiano yake na wahandisi na wahasibu. Aliona kuwa mshahara mbaya unamtia mtu kinyongo, lakini mzuri unakiondoa kinyongo tu, raha hauleti. Raha inatoka kwenye kazi yenyewe: kuaminiwa, kuachiwa uamuzi.

Sasa jiulize. Ndege ikichelewa unalaumiwa wewe. Je, nani anaweza kubadili ratiba, kumwita fundi usiku, kuidhinisha tairi jipya? Kama yote matatu ni ya tajiri, basi lawama kakupa wewe na funguo kabaki nazo yeye. Mwombe moja tu kwanza. Mimi nilianza na tairi.

Masika haya tajiri alinipigia simu, mgeni wake lazima afike Pemba. Rubani kakataa kwa sababu ya mvua. Nikaambiwa nimlazimishe. Siku nyingine nifanyeje? (Jina limehifadhiwa, Unguja)

Usimlazimishe. Kanuni za kimataifa za anga zinasema neno la mwisho juu ya ndege ni la rubani kiongozi. Hapo hapana mjadala.

Lakini najua kanuni haikusaidii tajiri anapopiga kelele sikioni. Yalinikuta. Caravan, ndege yetu ndogo, imeshatiwa mafuta, mabegi yameshapimwa, mgeni kakaa na kahawa yake. Kaskazini wingu limeshuka mpaka minazi ya mbali haionekani. Rubani alikuwa kijana, na badala ya kulitazama wingu akawa ananitazama mimi. Alitaka kujua kama nitamwacha peke yake. Nikachukua simu nikamwambia tajiri, "Leo haendi, na aliyekataa ni mimi." Nilitukanwa vizuri sana, na wiki nzima salamu yangu haikuitikiwa. Yule kijana, mpaka leo, Iddi haipiti hajanipigia.

Ukiniuliza raha ya kazi hii iko wapi, nitakuonyesha hapo.

Sasa la kufanya. Kuanzia Machi mpaka Mei, mgeni wa safari ya asubuhi apewe habari ya hali ya hewa tangu usiku, na saa za boti atajiwe papo hapo. Aliyejua mapema hagombi kama aliyeshtukiziwa uwanjani. Na tajiri mtafute siku ya jua, moyo wake mweupe, atie saini karatasi inayosema kuzuia safari ni kazi yako.

Mke wangu anasema nimeoa simu. (K., Fuoni)

Kasema kweli. Simu ya zamu iwe moja, ya kampuni, ipokezane mikono pamoja na daftari lake; yako uizime ulale. Ramadhani zamu ya magharibi mgawane, na tende ziwepo mezani karibu na redio.

Daftarini andikeni saa kwa Zulu, yaani saa moja ya dunia nzima wanayotumia watu wa ndege. Alfajiri yetu ya saa 12 ni 0300 Zulu, na mgeni anaiita saa 6. Nimewahi kuona mgeni kaandika atachukuliwa saa 9, yaani asubuhi yake, na gari likatoka saa 9 alasiri. Usiku ule simu haikunyamaza.

Niko peke yangu ofisi ya Chake: tiketi, mizani, mizigo, kuzungumza na marubani. Nataka kupanda cheo. Na mkataba wangu hautaji saa za kazi. (Bi S., Chake Chake)

Bi S., umeneja unao, cheo ndicho hujapewa. Ulizia leseni ya ofisa wa operesheni za ndege. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo mlango ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania; kimataifa umri wa chini ni miaka 21. Ajira si ya Muungano. Mkataba wako usome pamoja na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, usije ukasomewa ya Bara.

Na barua ya maombi usiiandike kinyonge. Mtu anayemrudisha mgeni mwenye begi la kilo 22 kwenye ndege inayoruhusu begi la kilo 15, akamfanya alifungue na kupunguza mwenyewe huku anacheka, ataje hilo kwenye mstari wa kwanza.