Python 3.12 imekompailika vizuri, lakini pip inalalamika haina SSL

Mkuu, kwa maelezo yako (Ubuntu 22.04, umekompaili Python kutoka msimbo, make imemaliza bila kosa, halafu pip, kisakinishi cha pakiti za Python, inasema "the ssl module in Python is not available"), tatizo haliko kwenye pip. Usihangaike kuisakinisha upya.

Baadhi ya moduli za Python zinategemea maktaba za nje. Configure (skripti inayokagua mfumo kabla ya make) ikikosa faili za .h za OpenSSL, maktaba inayoleta SSL (miunganisho salama), haisimami. Inairuka tu moduli ya _ssl na kazi inaendelea, ndiyo maana ukaona kila kitu shwari. Kumbuka kuwa libssl uliyonayo tayari kwenye mfumo ni ya kuendeshea programu. Ya kukompailia ni ile yenye -dev mwishoni, na hiyo haiji yenyewe.

sudo apt install build-essential pkg-config libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libbz2-dev liblzma-dev libreadline-dev libsqlite3-dev

Ukishaziweka, kupiga make peke yake hakutoshi, kwa sababu majibu ya zamani ya configure bado yamehifadhiwa. Rudi ndani ya folda ya msimbo:

make distclean
./configure 2>&1 | tee conf.txt
grep missing conf.txt

Hapa ndipo wengi wanaparuka. Ukiona _ssl, _ctypes au zlib kwenye orodha hiyo, usiendelee. Kuna pakiti bado inakosekana. _tkinter (ya programu za madirisha) ikikosekana kwenye seva, achana nayo. Na kama kuna mtu anasoma hili akiwa na distro ya zamani: tangu Python 3.10 inatakiwa OpenSSL 1.1.1 au zaidi, kwa hiyo 1.0.2 itakataliwa hata ukiwa na -dev yake.

Kisha:

make -j2
sudo make altinstall

Sijaandika -j$(nproc), yaani kazi sambamba kwa idadi ya kori zote, kwa makusudi. Mashine yenye kori nyingi na ramu ndogo inaweza kuishiwa kumbukumbu katikati, kerneli ikamuua gcc, nawe ukaona "Killed" bila maelezo mengine. Ikitokea, angalia dmesg (ujumbe wa kerneli), kisha punguza hadi -j1. --enable-optimizations nayo iache mpaka kila kitu kifanye kazi. Inaendesha majaribio kisha inakompaili mara ya pili, na muda unakwenda.

altinstall inaweka python3.12 tu. Ukitumia install ya kawaida, inatengeneza pia /usr/local/bin/python3, ambayo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) inatangulia ile 3.10 ya Ubuntu. Kuhusu wazo lako la kugeuza /usr/bin/python3 ielekee 3.12: usithubutu. add-apt-repository itaanza kulia haioni apt_pkg, na gnome-terminal inaweza kugoma kufunguka.

Hakiki:

python3.12 -c "import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)"

Ikikutolea OpenSSL 3.0 na kitu, tengeneza venv yako (mazingira ya Python yaliyotengwa) kwa python3.12 -m venv na utumie pip ya humo. Ikikataa, bandika hapa matokeo ya ile grep, siyo picha ya skrini.