Kwa mnaoanza mazoezi ya asubuhi: ule kwanza au uende tumbo tupu?

Wageni wa mazoezi swali lenu huwa ni hilohilo, na kila mtu kashapewa jibu lake huko kwenye simu. Mi nasimamia watu uwanjani alfajiri, ngoja niwaeleze mwilini kunaendaje.

Ukiamka hujala tangu usiku, insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye misuli) iko chini, homoni nyingine, glukagoni, inalisukuma ini litoe sukari, na kotisoli, homoni ya kuuamsha mwili, asubuhi ndo kawaida yake kuwa juu. Ukianza kukimbia homoni ya adrenalini nayo inapanda, na kwa vile insulini ya kuyazuia mafuta ni kidogo, yanaachiwa yaingie kwenye damu. Kwa hiyo kweli, muda ule unachoma mafuta mengi kuliko aliyekula. Ila msishangilie mapema, ukishakula mchana mambo yanajisawazisha. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mdogo Marekani, wanawake 20, wiki 4, wote wamepangiwa chakula cha kupungua, nusu wanafanya mazoezi hawajala nusu wamekula, mwisho wakapungua karibu sawa tu.

Wanaonipa kazi sio waliofunga, ni wale wanaokunywa chai ya sukari tele na maandazi mawili au soda nusu saa kabla, afu wanakuja mbio. Hapo insulini ndo iko kileleni inaingiza sukari kwenye misuli, na misuli ikianza kazi inavuta sukari yenyewe hata bila insulini, sasa vikivuta vyote pamoja sukari ya damu inaporomoka, na ndani ya dakika 15 au 20 za mwanzo mtu anatoka jasho la baridi, miguu inatetemeka, anadhani kalogwa. Si wote inawakuta, na mara nyingi mwili unairudisha wenyewe. Dawa yake kula saa 2 au 3 kabla, au kama huna muda huo kula ndizi palepale unapoanza kupasha mwili.

Mtaniambia mbona wakimbiaji wa Iten kule Kenya wengi wanatoka saa 12 alfajiri bila chai? Sawa, lakini jana usiku walikula ugali wakashiba, na kulala njaa kunapunguza akiba ya sukari ya kwenye ini, ya kwenye misuli inabaki karibu yote. Kwa mbio za polepole akiba hiyo inatosha kabisa. Siku ya spidi au vyuma vizito we kula.

Ramadhani fanya mepesi karibu na magharibi, vyuma baada ya futari. Na hii habari kwamba ukifunga homoni ya ukuaji inapanda ni kweli, ila haijazi misuli, inausaidia mwili kutumia mafuta, misuli inataka chakula.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), hayo ya tumbo tupu si yako mpaka uongee na daktari wako, pima sukari kabla hujatoka na mfukoni weka glukosi au pipi.