Kunguru akishakujua sura, vifaranga watapona

Juzi dada mmoja wa Molo alinitumia meseji, anasema kunguru wamemmalizia vifaranga na ameona picha zangu nimeshika upinde, sasa anauliza kama naweza kumfundisha kuwaua. Nilimpigia tukaongea, lakini maswali ya aina hiyo yamekuwa mengi, na vile kundi langu la sasa limefika umri wa kuuzwa bila kunguru kubeba hata mmoja, nimeona bora niandike mara moja kila mtu asome.

Tuelewane kwanza. Mimi siui kunguru. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 haijalegeza kitu. Kuna watu wananitumia ile habari ya 2024 kwamba KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanataka kumaliza kunguru milioni moja, mtu yuko Njoro anaona ameshapewa ruhusa. Hapana ndugu yangu, huyo ni kunguru wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka akaenea Pwani nzima. Wa kwetu huku ni wenyeji kabisa, kuna yule wa kifua cheupe anayeshinda sokoni na kwa dampo, na kuna yule mweusi wote anayetembea shambani aking'oa mahindi yakianza kuchipua. Mwizi wangu alikuwa wa kifua cheupe.

Nilipoanza kuku wa kienyeji nilikuwa nimetoka kupoteza kazi mjini Nakuru na hizo pesa ndizo zilikuwa za mwisho. Kuku anaangua vizuri, anatoa watoto nje, kunguru anashuka mbele ya macho yako, mama anaruka na mabawa juu, yule mwingine anakuja kutoka nyuma anachukua. Wanafanya kazi wawili wawili, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kwa sababu unaona kabisa wamepanga.

Mwenye duka fulani la dawa za mifugo akaniambia kwa sauti ya chini niweke nyama yenye ile dawa ya zambarau. Nilikataa na nitakataa mpaka nife. Watu wa Bunyala kule Busia wanajua Furadan, ndiyo hiyo dawa ya zambarau ya kuua wadudu, ilifanya nini, ndege walitegwa nayo kwa mashamba ya mpunga halafu wakauzwa watu wakala, na hata baada ya kampuni kuanza kuinunua tena kutoka madukani mwaka 2009 bado tabia haikuisha. Sumu haichagui. Tai atakula yule kunguru, mbwa wako atakula, mtoto atashika. Ukiniandikia kuhusu sumu usingoje jibu.

Upinde nilifundishwa na mzee mmoja Mwogiek wa upande wa Nessuit. Hawa ndio watu wa Msitu wa Mau ambao mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua 2017 kwamba haki zao zilivunjwa, na mpaka leo wengi bado wanangoja. Mzee alinitengenezea upinde wa mti wa mkole, uzi wake ukano wa ng'ombe, na mishale ya ndege ambayo haina chuma kabisa. Mbele ya mshale anaacha kirungu cha mti ule ule, anakichonga kwa kisu kidogo huku akikizungusha, kila mara anapitisha kidole gumba kuangalia kama kuna ncha imebaki. Nyuma anafunga manyoya matatu ya jogoo kwa uzi. Nilimuuliza kwa nini asiweke chuma akaniambia, "Kijana, wewe unataka nyama ama unataka heshima?"

Hapo ndipo kila kitu kilinifungukia.

Nilifanya mazoezi kwa gunia la maganda ya mahindi mpaka mkono ukazoea, sitawachosha na hiyo sehemu. Siku yenyewe kunguru alikuwa juu ya nguzo ya boma la kuku, ameinamisha kichwa upande mmoja anahesabu vifaranga, mimi niko nyuma ya tanki la maji, hatua kama kumi na tano. Nikalenga nguzo chini ya miguu yake. Mshale ukagonga mbao, tok!, akaruka juu anapiga kelele, wakaja wengine kutoka kwa mikaratusi wakazunguka juu yangu wakinitukana kwa lugha yao. Kutoka hapo nikitoka nje tu, hata nimebeba ndoo, kelele zinaanza na hakuna anayeshuka.

Lakini mke wangu akitoka, wanashuka. Tukajaribu akavaa jaketi yangu na kofia yangu, wakamwangalia usoni wakashuka tu. Kumbe kuna mtafiti, John Marzluff, ambaye 2006 akiwa profesa wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle yeye na wenzake walivaa barakoa wakashika kunguru wakawaachilia, na miaka baadaye aliyevaa barakoa ile bado alikuwa anapigiwa kelele, hata na ndege ambao hawakushikwa siku ile. Hao ni kunguru wa Marekani lakini wangu wananionyesha kitu hicho hicho. Sura ndiyo wanashika, nguo haiwahusu. Mke wangu akajifunza kurusha, sasa wanamheshimu pia.

Kwa hivyo dada wa Molo, kila mtu anayeshinda hapo nyumbani arushe mshale mwenyewe, kunguru akiwa anamwona sura. Jifiche ndio umfikie karibu, ukisharusha toka wazi akuone. Lenga alichokalia, usimlenge yeye. Na uwe na subira, usirushe ovyo, ukikosa kosa akakuzoea umekwisha. Subira ndiyo kila kitu.

Majirani walinicheka sana, na mmoja alienda kwa chifu akasema nina mishale ya sumu, nikaitwa nikaeleza mbele ya watu. Sijasahau. Leo ni yeye anatuma watoto wake kuuliza mzee anapatikana wapi. Vijana, hawa wazee wanaondoka na elimu yao, na sisi tuko hapa tunakimbilia kitu cha dukani kwa kila shida. Nendeni mkakae nao, mbebe sukari na majani chai, mnyamaze, msikilize.

Ya mwisho ni uzi. Ukano ukilowa unalegea, na huku kwetu mvua ya Aprili haina huruma, kwa hivyo msimu wa mvua mimi nafunga kamba ya nailoni na ukano nauweka juu ya jiko, mbali na panya.