Kama unajenga mfumo wa malipo, hakiki wazo kabla ya msimbo

Watu wakiniuliza waanzie wapi na uhakiki rasmi, yaani kuthibitisha kwa hisabati kwamba programu au chipu inafanya kilichokusudiwa, nawaambia waache msimbo kwanza. Waanze na wazo la mfumo likingali karatasini. Wengi huanzia upande wa pili: wanasoma habari za seL4, kile kiini cha mfumo endeshi kilichothibitishwa Australia mwaka 2009, wanapakua Isabelle, programu ya kuandikia na kukagulia uthibitisho wa aina hiyo, na baada ya muda mfupi wamekata tamaa. Siwalaumu. Kiini hicho kina mistari ya lugha ya C ipatayo 8,700, na uthibitisho wake ulifika mistari kama 200,000. Ile ilikuwa kazi ya timu nzima ya watafiti kwa miaka. Wewe una bosi anayetaka kitu Ijumaa.

Mimi natumia TLA+, lugha aliyoibuni Leslie Lamport, pamoja na zana yake TLC. Zote ni za bure na kompyuta ya kawaida inatosha. Kwenye TLA+ unaeleza hali ambazo mfumo unaweza kuwa nazo, hatua zinazoutoa hali moja kwenda nyingine, na sharti ambalo halipaswi kuvunjika kamwe. TLC inapita kila hali inayofikika. Ikikuta sharti limevunjika, inakuonyesha hatua kwa hatua mfumo ulivyofika hapo.

Chukua mfano ambao sisi wa malipo ya simu tunaujua vizuri. Asha anamtumia Juma shilingi 5,000, na Juma yuko mtandao mwingine. Seva yako inakata salio la Asha, inatuma ombi upande wa pili, inasubiri. Jibu halirudi. Muda wa kusubiri unaisha, basi mfumo unamrudishia Asha pesa yake. Ukilieleza hilo kikaoni, kila mtu anaitikia kwa kichwa. Lakini ombi halikupotea, limechelewa tu. Linafika, Juma anaongezewa 5,000, na sasa kuna 10,000 palipokuwa na 5,000.

Modeli ya jambo hili, yaani maelezo yake kwa TLA+, ni ukurasa mmoja: akaunti 2, muamala 1, na mfuko wa ujumbe ulio njiani. Sharti ni kwamba jumla ya pesa zote, zikiwemo zilizo njiani, haibadiliki. TLC inakuletea kisa cha Asha ndani ya sekunde. Hapo mtu atasema, "Basi tusirudishe pesa, tutume ombi tena." Ongeza hatua hiyo uone: Juma anaongezewa mara mbili. Mpe kila muamala namba yake, na upande wa pili ukumbuke namba ulizokwisha kuzishughulikia. Marudio yanakoma kuleta madhara. Kisha ongeza hatua ya seva kuzimika ghafla baada ya kukata salio na kabla ya kuandika kumbukumbu ya ombi. Ni mistari michache, na inaleta vurugu mpya kabisa.

Kinachobaki mwishoni ni muundo wenye hali ya tatu: muamala haujafaulu wala haujashindikana, haujulikani. Pesa ya Asha inashikiliwa mpaka jibu la uhakika lipatikane. Wateja hawaipendi hali hiyo, na watu wa masoko ndio kabisa, lakini ukiwa na mlolongo wa TLC mezani ubishi unakwisha mapema.

Tumia namba ndogo. Akaunti 2 au 3 na miamala 2 zinafichua mengi. Ukiweka 10 hali zitaongezeka mpaka kompyuta ikwame. Na TLC ikisema hakuna kosa mara ya kwanza kabisa, usishangilie. Huenda umeandika modeli ambayo hakuna hatua inayoweza kutokea. Iharibu kwa makusudi: ondoa ukaguzi wa namba ya muamala, uone kama italalamika. Kumbuka pia kwamba mfumo usiofanya lolote haupotezi pesa ya mtu, kwa hiyo dai vilevile kwamba kila muamala hatimaye unafika mwisho, na useme wazi unategemea nini, kwa mfano kwamba mtandao hautakatika milele.

Anayedhani haya ni mambo ya chuoni asome walichoandika wahandisi wa Amazon: TLA+ iliwapatia kosa katika DynamoDB, hifadhidata yao, ambalo mlolongo wake mfupi kabisa ulikuwa na hatua 35. Muundo ulikuwa umepitiwa na kujaribiwa kwa makini. Nani angekaa abuni jaribio la hatua 35?

Modeli lakini si msimbo, na msimbo unaweza kuisaliti. Kwa vipande vidogo vyenye hatari kuna CBMC, zana inayokagua msimbo wa C wenyewe, au Dafny, lugha ambayo msimbo wake huthibitishwa unapouandika, ukiwa na uvumilivu. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu (binary search) katika maktaba ya lugha ya Java ulikuwa na kosa la miaka mingi: kujumlisha mipaka miwili kabla ya kugawanya kwa 2 kulizidi uwezo wa namba. Hilo ndilo kosa ambalo zana hizi hulikamata bila jasho. Wa maunzi hawahitaji kushawishiwa, kwa sababu chipu iliyokwisha kuuzwa hairekebishwi kirahisi. Kosa la kugawanya la Pentium la mwaka 1994 liliigharimu Intel dola milioni 475. Mwanafunzi wa Verilog, lugha ya kubunia chipu, anaweza kuanza na SymbiYosys, zana ya kuhakiki miundo hiyo, nayo ni ya bure.

Modeli yako ihifadhi kwenye Git, folda moja na msimbo. Atakayetaka kugusa mpangilio wa majibu au muda wa kusubiri abadilishe modeli kwanza, aendeshe TLC, ndipo alete msimbo wake upitiwe.