Ukikwama swali la hesabu au sayansi, nenda na ulipofikia

Wadogo zangu mnaosoma sayansi, na nyie wazazi mnaohangaika nao, kuna kitu nakisema kila jioni hapa Pasua, Moshi, na naona bado wengi hakijawafikia. Mtu anaweza akasaidiwa na mwalimu mzuri kuliko wote Moshi nzima na bado asitoke na kitu, kwa sababu ya namna alivyoomba huo msaada.

Mi nafundisha tuisheni za jioni, fomu wani mpaka fomu foo, hesabu, fizikia na kemia, nimekaa na madogo wa shule za kata na wa shule za kulipia na tatizo nalolikuta ni lile lile. Ikifika saa mbili usiku simu inaanza kuingiza picha. Picha imepigwa gizani, swali limekatwa nusu, chini ameandika "ticha shikamoo, naomba nisaidie hilo namba 4" basi. Hajasema amejaribu nini, hajasema amekwamia wapi, na ukimuuliza anakujibu "lote sielewi". Sasa nikimtumia majibu atanakili, kesho atapewa vema kwenye daftari, alafu mtihani ukija na swali lile lile limebadilishwa namba tu anakaa analitazama. Kwaiyo mi huwa situmi majibu. Namwambia mdogo wangu kaa chini, andika unachojua, hata mstari mmoja, hata kama unaona umekosea, alafu nipigie picha ya kazi YAKO.

Wengine wananuna kabisa. Lakini wanaokubali, wengi wao wanalimaliza swali wenyewe kabla hata hawajanitumia, na wanaokwama kweli ninaona palipo na tatizo ndani ya dakika moja.

Nikupe mfano wa binti mmoja wa fomu tuu, mama yake alimleta akaniambia huyu hesabu hakujaliwa, tangu darasa la tano. Binti naye ameshakubali hivo, anasema aljebra yote haielewi. Nikampa swali dogo tu, 5 − 2(x − 3) = 1, nikamwambia lifanye mbele yangu na mi sisemi kitu. Akaandika 5 − 2x − 6 = 1, akaenda vizuri kabisa mpaka mwisho akapata x = −1. Unaona? Mistari mingine yote iko safi, kahamisha sawa, kagawanya sawa, kasoro iko sehemu moja, ile alama ya kutoa iliyoko nje ya mabano ameizidisha na x peke yake, ilipofika kwa −3 akaisahau. Ilitakiwa iwe 5 − 2x + 6 = 1 ambapo x ni 5. Nikamwambia rudisha jibu lako kwenye swali uone, akaweka −1 akapata 13 badala ya 1, akaweka 5 ikakaa. Nilipopekua daftari lake la shule nikakuta kosa hilo hilo limejirudia kwenye milinganyo, kwenye zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko, mpaka kwenye fizikia. Yaani mtoto miaka yote hiyo anaambiwa hakujaliwa kwa sababu ya alama moja, na hamna mtu aliyekaa naye amwangalie anavoandika! Inaniuma sana hii, na ndo maana naandika.

Angenitumia picha ya swali nikamrudishia x = 5, ile kasoro ingebaki pale pale.

Kwahiyo ukienda kwa mwalimu, au kwa kaka yako, au kwa jirani anayesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu za fomu faivu na siksi), nenda na daftari lako, onyesha mstari wa mwisho ulioufanya, sema "hapa nimefika, kutoka hapa kwenda pale ndo sioni". Mwalimu wa sayansi kwenye shule zetu nyingi ana madarasa kibao na makaunta buku ya kusahihisha mlima mzima, ukimfuata kipindi cha mapumziko na swali tupu atakwambia njoo baadae, na baadae yenyewe haifiki. Ukimfuata na mstari mmoja uliokukwamisha anakujibu amesimama hapo hapo mlangoni. Nimeliona hili mara nyingi mno, na walimu wenyewe watakwambia wanampenda mwanafunzi wa namna hiyo.

Kuna mtanzania mwenzetu ambaye nawapa habari yake madogo wangu wote, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa fomu thrii Magamba kule Tanga, walikuwa wanatengeneza aiskrimu shuleni kwa maziwa ya kuchemsha na sukari, inatakiwa yapoe kwanza ndo uweke kwenye friza, yeye akaona nafasi zinaisha akaweka yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa umejichanganya. Baadae akiwa Mkwawa, Iringa, akaja Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akanyanyuka akauliza, wenzake wakamcheka. Sasa sikiliza alivyouliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji ujazo sawa, kimoja kina nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Angalia hilo swali limebeba nini. Vyombo vinafanana, ujazo ni sawa, joto limetajwa kwa namba, kilichotokea kimesemwa, na asichokielewa ni kimoja tu. Ndo maana Osborne aliporudi chuoni aliweza kulipima kwenye maabara, na mwaka 1969 majina yao wawili yakatoka kwenye jarida la kimataifa la fizikia, na jambo lenyewe mpaka leo linaitwa kwa jina la Mpemba na wanasayansi bado wanabishana nalo. Wakati linachapishwa yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori hapa hapa Mweka, juu yetu tu hapo. Kwaiyo dogo wa Moshi unayeogopa kunyoosha mkono kisa watakucheka, uliza, ila uliza kama yeye.

Jambo lingine ambalo linakwamisha watu na wanadhani ni fizikia kumbe siyo, ni kulisoma swali lenyewe. Umetoka darasa la saba umesoma kwa Kiswahili, fomu wani kila kitu kimegeuka Kiingereza, unaona namba unakimbilia fomula. Mi madogo wangu nawalazimisha walisimulie swali kwa Kiswahili kwanza kama wanamsimulia bibi. Mfano, Noah inatoka Boma Ng'ombe inakuja Moshi kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa, dereva anashika breki, mwendo unapungua mita 5 kwa sekunde kila sekunde, itaenda umbali gani mpaka isimame? Ukilisimulia hivo unagundua kuna namba haijaandikwa kabisa kwenye swali. Gari likisimama mwendo wake ni sifuri, hiyo ndo v yako, yaani mwendo wa mwisho, na walioikosa ndo wale wanaosema taarifa hazitoshi. Alafu unaona pia kilomita kwa saa na mita kwa sekunde haziwezi kukaa pamoja, 72 gawa kwa 3.6 unapata 20, ukiingiza kwenye v² = u² + 2as (u ni mwendo wa mwanzo, a ni mwendo unavyobadilika kila sekunde, s ni umbali) na a ikiwa hasi kwa sababu mwendo unapungua, unapata mita 40. Aliyeacha 72 kama ilivyo atapata mita 518 na pointi, yaani zaidi ya nusu kilomita gari limekanyagwa breki bado linaenda, na hapo ndo pa kujiuliza hivi nikiwa ndani ya hiyo Noah nitakubali?

Hiyo tabia ya kulihoji jibu naisisitiza sana hasa kwenye kemia. Swali maarufu, unataka sentimita za ujazo 250 za NaOH, yaani kostik soda, ya 0.1 M (moli 0.1 kwenye kila lita, na moli moja ya NaOH ni gramu 40: Na 23, O 16, H 1), utapima gramu ngapi? Dogo anachukua 0.1 mara 250 mara 40 anapata 1000, anachora mstari chini mara mbili anahamia swali linalofuata. Gramu 1000 ni kilo, kilo nzima ya kostik soda, ile wanayotengenezea sabuni, kwenye maji robo lita! Molariti, hiyo M, inahesabiwa kwa lita, 250 ni lita 0.25, zidisha unapata moli 0.025, mara 40 ni gramu 1 tu. Kwaiyo kabla hujamsumbua mtu na swali lako, angalia vipimo vyako, nina uhakika nusu ya shida za moli zinaishia hapo.

Sasa msaada uko wapi? Diskasheni ya watu watatu wanne ni nzuri kama kila mtu kalijaribu swali kwake kabla ya kuja, ikiwa mmoja ndo anafanya na wengine wanaandika basi mnamsaidia yeye peke yake kuelewa zaidi. Maktaba ya mkoa ipo hapa mjini, kuna utulivu ambao nyumbani hamna. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Na kuna hazina ambayo sielewi kwa nini shule nyingi hazimwambii mtoto: baraza la mitihani, NECTA, huwa linatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ziko kwenye tovuti yao. Humo wanaonyesha swali, wanaeleza watahiniwa walikosea wapi, mpaka wanabandika karatasi ya mtu aliyejibu vizuri na ya aliyejibu vibaya. Past pepa kila mtu anazo, ila hizi taarifa zinakuonyesha mtahini anatafuta nini, na kama una bando la kupakua moja tu wiki hii pakua ya somo linalokutesa.

Hizi programu za simu za kupiga picha swali likajifanya lenyewe, na hizi akili mnemba, sizikatazi, nazitumia pia. Ila dogo akipewa njia nzima anaisoma anaona imeeleweka, na kusoma njia ya mwenzio hakujawahi kumfundisha mtu kutembea mwenyewe. Andika kazi yako kwanza, alafu iulize mstari niliokosea ni upi, usiombe jibu. Na uhakiki, maana inaweza kukosea na ikaongea kwa kujiamini kama kawaida, ukirudisha jibu kwenye swali kama nlivyoonyesha pale juu utaijua.

Wazazi, mtoto akikuletea homuweki ambayo we mwenyewe hujui, usimfukuze na usimtafutie mtu wa kumfanyia. Kaa naye, mwambie nieleze hilo swali linataka nini. Huhitaji kujua fizikia kufanya hivo. Mama mmoja hapa anauza ndizi Memorial, hajasoma sekondari, kila usiku mwanae anamweleza swali moja na yeye anauliza tu "na hiyo umeitoa wapi?" mpaka mtoto aone mwenyewe alipopachika namba isiyohusika. Na tuisheni ya usiku hasa kwa mabinti, hakikisheni mnajua anasomea wapi, yuko na nani, na anarudije.

Mwisho kuna kazi ya baada ya kusaidiwa, na hapa ndo wengi wanapoachia. Ukishaeleweshwa funga daftari, kaa hata siku mbili, alafu lirudie swali kwenye karatasi nyeupe bila kuangalia. Ukikwama tena pale pale jua bado, rudi kwa aliyekusaidia, usione aibu. Ukilimaliza, libadilishe namba wewe mwenyewe. Anza na lile la kostik soda, weka KOH badala ya NaOH, chukua K ni 39, O na H zile zile, ujazo uwe sentimita za ujazo 500, ukali ule ule 0.1 M. Ukipata gramu 2.8 uko vizuri, ukipata 2800 rudi kwenye lita.