Mke wangu ameolewa na darasa lake la chuo

*Shangazi, mimi ni mume wa miaka 58, niko Tororo. Mke wangu ni mwalimu, alimaliza chuo cha ualimu Kyambogo mwaka 1994. Aliosoma nao wana kundi la WhatsApp lenye watu 63, na tangu aingie humo mimi sina mke. Nikirudi saa tatu usiku namkuta anacheka na simu. Kila mwezi michango: huyu kafiwa, yule anaoza binti. Kuna mgane mmoja wa Mbale anamwita "mrembo wetu". Hata mwaka 2018, kazi yangu ilipoisha na nyumba ikabanwa, yeye alikuwa analipa ile kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku, asikose maongezi. Mama yangu alipofariki walikuja teksi mbili, wakala, wakaondoka. Sasa Desemba wanakutana Jinja siku mbili, eti na mimi niende nikakae na watu nisiowajua. Mimi pia nimesoma, nilikuwa Makerere, bweni la Lumumba Hall, lakini kundi letu nilijitoa 2019, sina muda wa upuuzi. Lisemwalo lipo, Shangazi. Nimkataze?*
*Mume Aliyesahauliwa, Tororo*

Pole, baba. Kuingia nyumbani kwako ukakuta kicheko usichojua kimeanzia wapi kunauma. Pole yangu inaishia hapo.

Tuanze na saa tatu usiku. Unarudi kutoka wapi? Kazi umesema iliisha 2018. Mzee wa Tororo anayerudi saa tatu hahitaji kunieleza zaidi: umetoka kwenye malwa, ile pombe ya ulezi. Chungu kimoja katikati, maji ya moto yanaongezwa, mirija mirefu, na wazee wenzako mmekizunguka tangu jua halijazama. Sikulaumu, ulezi ni wa babu zetu. Lakini hilo nalo ni kundi, tena lina mchango wa kila siku. La mkeo analo sebuleni kwake, akimngoja mtu ambaye hajarudi.

Unasema lisemwalo lipo. Nani amesema? Katika barua nzima msemaji ni wewe peke yako. Huyo mgane wa Mbale kaandika "mrembo wetu" mbele ya watu 63, wakiwamo wanawake wanaokumbuka vizuri sana nani alikuwa mrembo na nani hakuwa. Anayemtaka mke wa mtu haandiki hadharani. Na ulijuaje alichoandika? Umeipekua ile simu. Ungekuta neno la faragha ungeninakilia herufi kwa herufi. Hukuninakilia kitu.

"Walikula wakaondoka." Baba, nimekasirika hapo. Watu wamekodi teksi mbili kwenda kumzika mama wa mtu ambaye hata hawakusoma naye, wewe umekumbuka sahani. Matanga ya kwetu yana daftari, na rambirambi huandikwa jina kwa jina. Lipo kabatini. Lichukue leo, uhesabu majina ya watu wa Kyambogo na walichoacha, kisha tafuta wangapi ni wa mezani kwenye malwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hao walikufaa wewe.

Nadhani hujui mkeo ameshika nini mkononi. Chuo alichosoma hakipo tena kwa jina lile. Mwaka 2003 kiliunganishwa na vingine viwili kikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Waliomaliza miaka ile walitawanywa shule za mbali, Karamoja huku, Kasese kule. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Barua ilikwenda kwa sanduku la posta la shule, ikafika ama isifike. Habari za mwenzako ulizipata Radio Uganda, kwenye matangazo ya vifo, umeshika kikombe cha chai. Na matangazo hayakuwa machache. Wewe ni wa umri huo, unajua silimu, yaani UKIMWI, ilivyowafyeka vijana wasomi, mtu kafundisha miaka mitatu tu, kaacha mtoto wa kunyonya. Hao 63 ni waliobaki. Wakipata njia ya kuulizana kila asubuhi "umeamkaje", unataka wasiulizane? Mkeo ana miaka michache tu kabla ya kustaafu akiwa na 60, na ofisi ya elimu haitampigia simu kumuuliza presha imeshuka.

Sasa zile shilingi 200. Kodi ilianza Julai 2018 na imeshaondolewa tangu 2021, lakini wewe bado unaidai. Nikajiuliza, mwanamume mzima anatunzaje deni la shilingi 200 miaka yote hii? Jibu umeliandika mwenyewe: ni mwaka uliopoteza kazi. Mshahara wa mwalimu ndio uliolisha nyumba, na kila alipokatwa zile 200 ulihisi anakuonyesha nani mwenye pesa. Mwaka uliofuata ukajitoa kwenye kundi la wenzako wa Makerere. Eti huna muda! Mtu wa Lumumba, mliompamba Gongom wenu, ile sanamu ya bweni, na kupiga kelele mpaka Wandegeya, leo anakimbia kelele? Ulijitoa kwa sababu mmoja alituma picha ya nyumba yake, mwingine akapandishwa cheo, wewe ukaona huna la kutuma. Hilo ndilo jambo lako, baba. Mgane wa Mbale umemsingizia.

Na si wewe peke yako. Wanandoa wa siku hizi mnadaiana mambo ambayo babu zetu hawakudaiana. Mke awe mpishi, awe mpenzi, awe rafiki pekee, acheke nyumbani tu na alilie nyumbani tu. Zamani mwanamke alikuwa na wenzake wa kisimani, wa shambani, wa kwenye ngoma. Alirudi ameshacheka, na mume akapata mtu mwenye furaha bila kuitolea jasho. Leo visima vimeingia bombani, wenzake wako mbali, mnashangaa mama anaongea na simu. Wenye ndoa changa ndio wabaya zaidi, wanapekuana simu kabla hata ya mwezi wa kwanza kwisha.

Mama mwalimu, na wewe usinichekee. Mumeo akiingia mlangoni, hata akinuka ulezi, weka simu chini, mpe chakula, mtazame usoni. Watu wa Kyambogo watakungoja nusu saa.

Umeuliza umkataze. Hapana. Alikualika Jinja, ukalificha katikati ya malalamiko kama vile ni kosa lake la saba. Mwanamke mwenye la kuficha hamchukui mume wake akakae nalo siku mbili.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta namba ya mmoja tu wa Lumumba, yule mliyelala chumba kimoja, umpigie. Usimwambie habari za kazi kama hutaki, muulize watoto. Na Jumamosi hii usiende kwenye malwa. Kaa na mkeo, na usitoe hotuba wala kuomba msamaha wa kurasa tatu. Muulize tu mchango wa Jinja ni shilingi ngapi kwa watu wawili.